Vipimo vyote viko sawa na damu haikomi: kazi ya chembe sahani gandishi

Swali: Ninafanya kazi maabara ya hospitali. Tuna mama wa miaka 34 aliyevuja damu siku mbili mfululizo baada ya kung'olewa jino. Alipojifungua mtoto wake wa pili pia alivuja sana hadi akaongezewa damu. Hana madoa ya damu kwenye ngozi. Chembe sahani (chembe ndogo za damu zinazoziba jeraha) ni 240 × 10⁹ kwa lita, PT na APTT (vipimo vya muda wa damu kuganda) ni za kawaida, na agregometria (kipimo cha chembe sahani kushikamana) tuliyoipeleka hospitali ya rufaa imerudi safi. Daktari ametaja "chembe sahani gandishi". Ni nini hasa, mbona vipimo vyetu havizioni, na zinapimwaje? Na kama chembe hizohizo ndizo zinazogandisha damu ndani ya mishipa ya wagonjwa wa moyo na kiharusi, aspirini haitoshi kuzizuia?

Jibu: Ndugu, vipimo vyenu havikukosea. Kila kimoja kilijibu kilichoulizwa. Ila hakuna hata kimoja kilichouliza iwapo chembe sahani za mama huyu zinaweza kuugeuza utando wake kuwa mahali pa kutengenezea thrombini, kimeng'enya kinachotengeneza nyuzi za fibrini. Hiyo ni kazi tofauti na kushikamana. Hufanywa na chembe tofauti ndani ya bonge lilelile, na mtu anaweza kuikosa huku mengine yote yakiwa salama.

Wengi wetu tulifundishwa habari hii kwa hatua mbili: kwanza chembe sahani zinaziba tundu, kisha protini za plazma, yaani majimaji ya damu, zinakuja na fibrini kulikaza ziba hilo, kana kwamba ni mafundi wawili wasiojuana. Ukweli ni kwamba protini hizo zikiwa zinaelea tu kwenye plazma hazifanyi kazi ya maana. Faktari Xa (protini ya kugandisha; herufi "a" humaanisha imeamshwa) ikiwa peke yake huikata prothrombini, malighafi ya thrombini, polepole mno. Ikikaa pamoja na faktari Va juu ya utando wenye fosfolipidi inayofaa, kalsiamu ikiwepo, kasi huongezeka takriban mara 300,000. Chukua kazi ya dakika moja uizidishe kwa namba hiyo: bila utando na faktari Va, ingechukua zaidi ya miezi sita. Kwa hiyo swali la nani anatoa utando si dogo. Ndilo linaloamua kama jeraha litaziba.

Utando wa chembe sahani, kama wa seli nyingine, una safu mbili za fosfolipidi. Mojawapo, fosfatidilserini, ina chaji hasi, na chembe ikiwa imetulia huwekwa karibu yote katika safu ya ndani. Kuna protini iitwayo flipasi inayotumia ATP kuirudisha ndani kila inapopenya kwenda nje. Sasa tazama upande wa plazma. Faktari II, VII, IX na X zina sehemu yenye asidi amino za aina ya Gla, ambazo hutengenezwa kwa msaada wa vitamini K. Prothrombini peke yake ina Gla 10. Gla hushika kalsiamu, na protini ikishashika kalsiamu hupata umbo linaloiwezesha kutia nanga kwenye fosfatidilserini. Ndiyo maana sitrati iliyomo kwenye chupa zenu huzuia damu isigande: inakamata kalsiamu, na nanga haishiki. Warfarini, dawa ya kuzuia mgando, nayo hufanya kazi hapohapo. Ini linaendelea kutengeneza protini, lakini zinatoka bila Gla za kutosha, hivyo hata utando uwe tayari kiasi gani, hazina cha kuushikia.

Chembe sahani gandishi, basi, ni ile iliyoitoa fosfatidilserini nje kwa wingi na kwa kudumu baada ya kuamshwa. Juu yake hukaa kwanza faktari IXa na VIIIa, zinazoamsha faktari X, kisha Xa na Va, zinazoikata prothrombini kuwa thrombini.

Chembe haifiki hapo kwa kuguswaguswa. ADP peke yake haitoshi, wala thromboksani, ambazo ni kemikali za chembe kuitana. Vichocheo vikubwa ndani ya mwili ni viwili kwa pamoja: kolajeni, inayofika kupitia kipokezi GPVI, na thrombini, inayofika kupitia PAR1 na PAR4. Mpangilio huu una maana. Kolajeni hupatikana pale tu ukuta wa mshipa ulipochanika, na thrombini ya kwanza hutengenezwa hapohapo, pale protini ya tishu iliyofichwa nje ya mshipa inapokutana na damu. Chembe iliyo katikati ya mkondo, mbali na jeraha, haipati vyote viwili.

Ndani ya chembe, habari yote ni ya kalsiamu. Chembe iliyotulia ina kalsiamu huru ya takriban nanomola 100. Ikiamshwa kidogo, kalsiamu hupanda na kushuka kama mawimbi, na hiyo inatosha kubadili umbo, kumwaga chembechembe za ndani (vifuko vya akiba) na kushikamana. Lakini kolajeni na thrombini zikija pamoja, ghala la ndani humwagwa, mlango wa utando uitwao Orai1 hufunguka, na kalsiamu hupanda hadi viwango vya maikromola na kukaa huko. Mitokondria hujaribu kuinyonya mpaka zinazidiwa: tundu la mpito, linaloratibiwa na protini siklofilini D, hufunguka, volteji ya utando wa mitokondria hupotea, na ATP huanza kuisha. Flipasi husimama. Wakati huohuo kalsiamu ile hufungua protini nyingine ya utando, TMEM16F, ambayo huruhusu fosfolipidi zipite kutoka safu moja hadi nyingine bila mpangilio. Aliyekuwa akirudisha fosfatidilserini ndani amesimama, na mlango wa kuitoa uko wazi. Ndani ya dakika chache utando wa nje umejaa.

Ukiitazama kwa hadubini, chembe hiyo imevimba na kuwa duara kama puto, na vijifuko vidogo vinachanika kutoka kwake, vingi vikiwa na ukubwa wa nanomita 100 hadi 1,000. Mwaka 1967 Peter Wolf alionyesha kwamba plazma isiyo na chembe sahani bado ina mabaki haya yenye nguvu ya kugandisha, akayaita vumbi la chembe sahani. Vumbi hilo nalo limebeba fosfatidilserini.

Na hapa ndipo penye jambo ambalo nadhani lingefundishwa mapema zaidi: chembe inayokuwa gandishi hupoteza uwezo wa kushikamana. Kipokezi αIIbβ3, kile kinachoshika fibrinojeni na kuunganisha chembe na chembe, hujifunga tena, na kimeng'enya kalpaini, kinachoamshwa na kalsiamu hiyohiyo, hukata viungo vyake vya ndani. Chembe gandishi haivuti, haisokoti, haikazi bonge. Ingekuwa chembe zote zinageuka, tungekuwa na thrombini tele juu ya ziba lisilokaza. Kwa hiyo zinagawana. Ukichukua chembe za mtu mzima mwenye afya na kuzichochea kwa kolajeni na thrombini pamoja, wastani wa theluthi moja hivi hugeuka, na tofauti kati ya mtu na mtu ni kubwa sana. Zilizobaki hushikamana na kuvuta nyuzi za fibrini, na katika kuvuta huko huzisukuma gandishi kuelekea pembezoni mwa bonge, ambako zinakutana na plazma mpya yenye prothrombini. Hata protini zake hazitapakai ovyo: sehemu kubwa ya faktari V na fibrinojeni hukusanyika upande mmoja wa puto kama kofia. Tukumbuke pia kwamba kiasi cha asilimia 20 ya faktari V yote ya damu husafiri ndani ya chembe sahani, kwa hiyo chembe inaleta utando na sehemu ya mtambo.

Sasa turudi kwenye maabara yenu.

PT na APTT hufanywa kwa plazma iliyozungushwa, kwa kawaida kwa nguvu ya g 1,500 kwa dakika 15, hadi chembe sahani zibaki chini ya 10 × 10⁹ kwa lita. Yaani hatua ya kwanza ya kipimo ni kuziondoa chembe tunazozizungumzia. Kisha mnaongeza kitendanishi, na ndani ya kitendanishi hicho mtengenezaji ameweka fosfolipidi. Cha PT kina protini ya tishu pamoja na fosfolipidi, cha APTT kina fosfolipidi pamoja na kiamshi cha mguso. Mmempa mgonjwa utando ambao huenda yeye mwenyewe hana. Tena saa inasimamishwa bonge linapoonekana, wakati zaidi ya asilimia 95 ya thrombini hutengenezwa baada ya hapo. Mgonjwa anayeanza vizuri kisha akashindwa kuendelea haonekani kabisa kwenye kipimo cha namna hii.

Agregometria inapima kushikamana, na tumeona kwamba hiyo ni kazi ya chembe zile nyingine. Hesabu ya 240 inasema zipo, haisemi zinafanya nini.

Ugonjwa ambao daktari wenu anaufikiria ni ugonjwa wa Scott. Ulielezwa kitabibu mwaka 1979, na mwaka 2010 watafiti wa Japani waliomtambua TMEM16F kuwa ndiye mpitishaji wa fosfolipidi walionyesha kuwa jeni lake, ANO6, lilikuwa limeharibika kwa mgonjwa wa Scott. Hurithiwa kwa jeni mbili mbovu, moja kutoka kwa kila mzazi. Sura yake ni hii mliyonayo: kuvuja baada ya jino, upasuaji au uzazi, pasipo vidoa vya ngozini, huku hesabu na agregometria vikiwa safi. Lakini ni ugonjwa wa nadra mno. Familia zinazojulikana duniani ni chache sana. Sitaki mwende moja kwa moja huko mkayaacha ya karibu.

Kabla ya Scott, hakikisheni haya. Ugonjwa wa von Willebrand wa kiwango kidogo huacha PT na APTT zikiwa sawa, na agregometria ya kawaida pia, na ndio sababu ya kwanza ya kufikiriwa kwa mama anayevuja baada ya jino na uzazi. Pimeni antijeni ya von Willebrand, utendaji wake na faktari VIII. Rudieni angalau mara moja, maana ujauzito, homa, mazoezi makali na hata hofu ya sindano hupandisha viwango na kuficha tatizo. Faktari XIII haionekani kwenye PT wala APTT, kwa sababu kazi yake, kuunganisha nyuzi za fibrini, huja baada ya saa kusimama. Ulizeni kama alivuja kitovuni alipokuwa mchanga na kama damu hukoma kisha ikaanza upya baada ya saa nyingi. Upungufu mdogo wa faktari VIII au IX, tuseme asilimia 30 hadi 40, unaweza kuacha APTT ndani ya mipaka, na wanawake wanaobeba jeni la hemofilia huangukia hapo. Upungufu wa alfa-2 antiplasmini huyeyusha bonge mapema mno. Kasoro za ghala la chembechembe za ndani mara nyingine hupita agregometria bila kugunduliwa. Na ulizeni dawa kwa majina ya mtaani pia, kwa sababu dawa nyingi za mafua na za maumivu zina aspirini au ndugu zake.

Hayo yote yakiwa safi, ndipo mpime chembe gandishi. Kipimo chenyewe ni saitometria ya mtiririko (mashine inayosoma chembe mojamoja kwa mwanga) kwa kutumia aneksini V, protini inayoshika fosfatidilserini kwa msaada wa kalsiamu. Kinaonekana rahisi kwenye karatasi, na kinaharibika kwa urahisi kuliko vipimo vingi ninavyovijua, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Damu itolewe kwa sindano ya geji 21, kamba ya mkononi isikae muda mrefu, na mililita 2 hadi 3 za kwanza ziwekwe kwenye chupa nyingine, kwa sababu zimebeba protini ya tishu kutoka kwenye ngozi na ukuta wa mshipa uliochomwa. Tumieni sitrati ya asilimia 3.2, sehemu moja kwa tisa za damu, chupa ijae hadi alama. Msiiweke kwenye barafu wala kwenye friji, maana baridi huziamsha chembe. Msiitume kwa mrija wa hewa. Ikae kwenye joto la chumba, nyuzi 20 hadi 25, na ifanyiwe kazi ndani ya saa nne. Siku hiyohiyo chukueni damu ya mtu mwenye afya, asiyetumia dawa, muipitishe njia ileile. Kwa kuwa tofauti kati ya watu ni kubwa, mtu mmoja hatoshi kuwa kipimo cha kawaida. Wekeni kumbukumbu ya watu wengi wa kwenu kabla ya kusema namba fulani iko chini au juu.

Punguzeni damu kwa bafa ya HEPES, kisha gawanyeni: sehemu isiyochochewa, sehemu ya thrombini pekee, ya kichocheo cha GPVI pekee kama konvuksini, ya vyote viwili, na ya ionofori A23187, kemikali inayopitisha kalsiamu kwenye utando. Palipo thrombini ongezeni peptidi GPRP, inayozuia fibrini isijisokote. Mkisahau, sampuli itaganda na kuziba mashine. Wakati wa kuchochea wekeni kalsiamu ya milimola 2 hadi 2.5, bila hiyo aneksini V haishiki chochote. Sehemu moja iwe na EDTA, inayokamata kalsiamu, badala ya kalsiamu. Mwanga mtakaouona hapo si wa fosfatidilserini, na lazima utolewe kwenye hesabu. Tambueni chembe sahani kwa CD41 au CD61, alama za utando wake, na muongeze CD62P, alama inayotokea nje chembe ikiamshwa.

Kosa la kwanza ninaloliona mara kwa mara ni kuzihifadhi chembe kwa fomaldihaidi kabla ya kuweka aneksini. Fomaldihaidi hutoboa utando, aneksini inaingia ndani na kukutana na fosfatidilserini iliyokuwa imefichwa, na kila chembe inaonekana gandishi. Zisomwe zikiwa hai, ndani ya nusu saa. Kosa la pili ni kuweka mipaka ya usomaji kwa ukubwa wa chembe. Gandishi zimevimba, vijifuko vyake ni vidogo mno, na mipaka iliyochorwa kwa chembe zilizotulia huviacha nje vyote. Wekeni kizingiti kwenye mwanga wa CD41, si kwenye ukubwa.

Kosa la tatu ni la tafsiri. Aneksini V pekee haitofautishi chembe gandishi na chembe inayokufa. Chembe sahani huishi siku 7 hadi 10, na inapozeeka protini ya Bcl-xL inayoizuia isife hupungua, Bak na Bax, protini za kuua seli, zinapata nafasi, na fosfatidilserini hutokea nje taratibu bila chembe kuwa imeamshwa. Vivyo hivyo kwenye mifuko ya chembe sahani iliyokaa siku kadhaa ghalani. Ndiyo maana nasisitiza CD62P: chembe yenye aneksini na CD62P kwa pamoja imeamshwa kisha ikageuka, yenye aneksini bila CD62P inaelekea kufa. Alama ya PAC-1, inayoshika αIIbβ3 iliyo wazi, ikipotea kwenye zile za kwanza, uhakika huongezeka.

Kwenye ugonjwa wa Scott, jibu lenye uzito ni la ionofori. A23187 huingiza kalsiamu ndani bila kupitia kipokezi chochote. Kwa mtu wa kawaida karibu chembe zote hung'aa kwa aneksini. Chembe za Scott hazing'ai, au hung'aa kidogo sana, huku CD62P ikipanda vizuri. Hiyo ina maana kalsiamu imefika, chembechembe za ndani zimemwagwa, ila mlango wa mwisho haufunguki. Kama ionofori inafanya kazi lakini kolajeni na thrombini hazifanyi, tafuteni kasoro juu zaidi: kwenye vipokezi au njia za kalsiamu. Jibu la Scott lithibitishwe kwa kusoma jeni ANO6.

Msipokuwa na saitometa, kipimo cha zamani cha matumizi ya prothrombini bado kina msaada. Damu bila kizuia mgando huwekwa kwenye chupa ya kioo, huachwa igande kwa nyuzi 37 kwa saa nzima, kisha seramu hutenganishwa na kuchanganywa na fibrinojeni, thromboplastini na kalsiamu. Kwa mtu wa kawaida prothrombini nyingi imekwisha tumika, kwa hiyo seramu huchelewa kugandisha. Seramu inayogandisha upesi ina prothrombini iliyobaki, yaani mtambo haukuitumia. Hemofilia na upungufu wa idadi ya chembe sahani hutoa jibu hilohilo, kwa hiyo lisomwe baada ya kuviondoa hivyo.

Ikiwa kweli ni Scott, tiba kabla ya upasuaji au wakati wa kuvuja ni kuongezewa chembe sahani za mtu mwingine. Hazipewi kwa sababu idadi ni ndogo, zinapewa ili kuleta utando. Hili lielezwe wazi kwa benki ya damu, la sivyo mtu ataona 240 kwenye karatasi na kukataa ombi. Kwa jino au hedhi nzito, asidi ya traneksamiki huzuia bonge dogo lililopo lisiyeyuke. Na asipewe aspirini.

Hemofilia ni upande wa pili wa habari hii. Huko utando upo, chembe zinageuka vizuri, ila hakuna VIIIa au IXa ya kukaa juu yake. Faktari VIIa ya kutengenezwa maabara hutolewa kwa dozi kubwa, maikrogramu 90 kwa kilo, kwa sababu inaushika utando huo kwa udhaifu na lazima iwe nyingi ndipo iamshe X palepale. Emisizumabu, kingamwili inayoshika IXa kwa mkono mmoja na X kwa mwingine, nayo inahitaji utando huohuo.

Swali lako la mwisho. Aspirini hufunga kimeng'enya COX-1 kwa maisha yote ya chembe na hivyo huzuia thromboksani. Hiyo inapunguza kuitana kwa chembe, na inaokoa maisha. Lakini njia ya kolajeni na thrombini kuelekea kalsiamu ya kudumu haihitaji thromboksani, kwa hiyo chembe gandishi hutokea karibu kama kawaida kwa mtu aliyemeza aspirini. Klopidogreli na nduguze wanaofunga P2Y12, kipokezi cha ADP, huzipunguza kwa kiasi, kwa kuwa ADP husaidia kalsiamu ikae juu, ila hawazimalizi. Dawa za kufunga αIIbβ3, kama tirofibani, huzuia kushikamana kwa nguvu sana lakini hazizuii utando kugeuka. Dawa zetu za chembe sahani kwa kiasi kikubwa hupimwa kwa kuangalia agregometria, na zimefaulu pale agregometria inapoona.

Kinachofikia kazi ya chembe gandishi kwa sasa ni dawa za upande wa plazma, na hata hapo kuna tofauti. Heparini hufanya kazi kupitia antithrombini, kizuia mgando cha asili cha damu, na faktari Xa ikishakaa na Va juu ya utando hujikinga nayo kwa kiasi kikubwa. Rivaroksabani na apiksabani ni molekuli ndogo zinazoifikia Xa hata ikiwa hapo. Utafiti wa COMPASS wa mwaka 2017, wenye wagonjwa 27,395 wa ateri za moyo au za miguu, ulilinganisha aspirini peke yake na aspirini pamoja na rivaroksabani miligramu 2.5 mara mbili kwa siku. Vifo vya moyo na mishipa, kiharusi na shambulio la moyo vilishuka kutoka asilimia 5.4 hadi 4.1. Kuvuja damu kukubwa nako kulipanda, kutoka asilimia 1.9 hadi 3.1. Mimi nazisoma namba hizo kama ushahidi kwamba kuna sehemu ya bonge la ateri ambayo aspirini haiigusi, na kwamba ukiigusa unalipa kwa damu ya jeraha, kwa sababu ni utando uleule unaoziba jeraha.

Wagonjwa wa kiharusi wameonyesha hali hiyo kwa pande zote mbili: kiwango cha chembe hizi huwa juu kwa waliopata kiharusi cha mishipa mikubwa kuziba, na huwa chini kwa waliovuja damu ndani ya ubongo. Hata hivyo bado si kipimo cha kumwandikia mtu dawa. Hakuna mpaka mmoja uliokubaliwa na maabara zote, na mbinu zinatofautiana mno.

Mahali pamoja ambapo habari hii inabadili uamuzi leo ni upungufu wa chembe sahani unaoletwa na heparini. Mgonjwa yuko siku ya 5 hadi ya 10 ya heparini, chembe zimeshuka kwa zaidi ya nusu, na silika ya kila mtu ni kuogopa kuvuja. Kinyume chake ndicho hutokea. Kingamwili dhidi ya PF4 (protini inayomwagwa na chembe sahani) na heparini hushika kipokezi FcγRIIa, huziamsha chembe hadi kuwa gandishi, na mgonjwa hupata mabonge kwenye vena na ateri. Kesi za mwaka 2021 zilizofuata chanjo za UVIKO-19 za adenovirusi zilikuwa na kingamwili dhidi ya PF4 hiyohiyo bila heparini kuwepo. Mkiona hesabu ikishuka hivyo, mpigieni daktari simu bila kungoja karatasi: heparini yote isimame, hata ile ya kusafishia mirija, mgonjwa aanzishiwe dawa nyingine ya kuzuia mgando isiyo heparini, warfarini isianzishwe mpaka chembe zirudi 150, na mfuko wa chembe sahani usitundikwe kwa sababu ya namba ndogo tu.

Kuhusu mama yenu, anzeni na von Willebrand na faktari XIII wiki hii. Sampuli ya saitometria haisafiri vizuri, kwa hiyo ikifika zamu yake asafiri yeye mwenyewe hadi penye mashine. Jino lingine lisiguswe kabla ya hapo.